Viatu Chini ya Paa

Nyanya alifariki Kenton, Uingereza, mwaka wetu wa kwanza tangu tutoke Kisumu, baridi ikianza kuisha. Jirani Mwingereza alikuwa ametuonya: jua likiipiga theluji ya paani, huporomoka yote kwa mkupuo. Nani angemsikiliza? Kwetu paa huteremsha mvua tu. Waliokuja kutupa pole wakavua viatu nje mlangoni, kama tulivyozoea.

Tukiwa katikati ya dua, paa likanguruma, viatu vyote vikafukiwa. Jirani akaleta sepetu, akafukua hadi chini, akavipanga ukutani. Wageni wakavaa vilivyolowa, wakaondoka.

Zikabaki ndara za nyanya. Siku alipobebwa kwenda hospitali theluji ilikuwa ikianguka, ikazifukia hapo mlangoni, na hakuna aliyezikumbuka. Mama akazipangusa kwa mtandio wake, akazirudisha palepale mlangoni, zikielekea ndani.