Mkono wa Mama Mashuka

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, watu wanamwita Mama Mashuka. Anafua mashuka ya nyumba za wageni, na tangu aolewe kwetu sijamwona na kucha ndefu. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Ukishuka ziwani asubuhi unamsikia kabla hujamwona, anawatania madobi wenzake huku anapiga shuka kwenye jiwe, na povu linaelea taratibu kuelekea pale tunapochota maji ya kunywa.

Povu hilo ndilo lililoleta mambo. Maji ya ghuba yetu yalikuwa yamegeuka kijani, na watoto hawaishi kuharisha. Mwenyekiti akaitisha mkutano tupige kura: madobi wahamie kwenye makaro ya saruji yatakayojengwa juu, karibu na barabara, maji machafu yaingie shimoni, au waendelee kufulia ziwani? Kuhamia juu maana yake ni kupandisha maji kwa ndoo, kilima chote kile. Wifi aliposikia, alishika kiuno.

Anaishi na mama yetu, ambaye macho yake yalizimika zamani. Mama alikuwa haendi popote bila mkono wa wifi, iwe ibadani, iwe kwa jirani. Na upande wake alikuwa ameshauchagua. Siku moja alinusa kikombe cha chai kinachonuka sabuni, akasema, "Mkwe wangu, leo umenifulia na chai." Wifi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini haukuwa utani mtupu. Mama alimwambia wazi kwamba siku ya kura atasimama na watu wa makaro.

Kwetu kura za mambo kama hayo hupigwa kwa kusimama. Wanaotaka wanapanga mstari upande huu, wasiotaka upande ule, mwenyekiti anapita akihesabu vichwa. Mimi siku hiyo nilikuwa kwa binti yangu aliyejifungua, kwa hiyo nasema niliyoambiwa na wifi mwenyewe. Madobi walimwita, akaenda, na mkononi alikuwa na mama. Ameniapia kwamba mwanzoni hakuwaza lolote, alitembea naye kama anavyotembea naye siku zote. Alikumbuka mama anataka upande gani wakiwa katikati ya uwanja. Angeweza kugeuka. Akaona mistari inakaribia kulingana, akafikiria ndoo na kile kilima, akamsimamisha mama mbele yake kwenye mstari wa madobi, akanyamaza.

Upande wa ziwani ulishinda kwa mtu mmoja.

Njiani, vigelegele bado vinasikika, mama aliuliza, "Tumeshinda, mwanangu?"

"Tumeshinda, mama."

Mama akamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale barabarani.

Basi kila asubuhi ikawa ananusa kikombe. "Bado," anasema kwa upole, "lakini watajenga tu." Wifi akapotewa na maneno. Madobi walimtania kwamba ushindi umemkwama kooni. Akaanza kufulia uani peke yake, anamwaga maji machafu kwenye shimo la taka, lakini mashuka ya mtu mmoja hayasafishi ghuba, na kikombe kilinuka vile vile. Niliporudi nilimkuta amekonda. Tukisali pamoja, tukifika pale pa kuomba msamaha anayaruka maneno. Ndipo aliponiambia yote. Sikumkaripia. Ningesema nini ambacho hajajiambia? Nilimwambia tu kwamba Mungu ameshasikia, aliyebaki ni mama.

Alimwambia akiwa amepiga magoti. Mama alipapasa ukingo wa kikombe kwa vidole.

"Ungekataa kunipeleka ningekuelewa," alisema. "Lakini ulinishika mkono."

Kisha akaomba atafutiwe fimbo.

Wifi akaenda kwa mwenyekiti kusema ukweli. Mwenyekiti hakutaka kusikia. Kura imekwisha, na bibi mwenyewe hajalalamika. Mimi na mama tulikuwa tumemfuata nyuma, na mama akajibu kutoka mlangoni, "Haya, nimekuja kulalamika." Mkutano ukarudiwa. Madobi walimwita wifi msaliti, na jiwe lake la kufulia wakampa mwingine.

Safari hii mama alisimama katikati ya uwanja peke yake, akauliza mstari wa makaro uko wapi. Walioitikia walikuwa wengi. Akafuata sauti zao, anagonga fimbo chini. Wifi alikuwa nyuma yake hatua chache, mikono ameifumbata kifuani, maana aliona shimo njiani na alitamani kumshika. Hakuthubutu. Mama alijikwaa, akasimama, akaendelea mpaka akafika, na wifi akapanga nyuma yake.

Makaro yamejengwa. Wifi anapandisha ndoo kilima chote kile wala hanung'uniki, na siku hizi chai ni chai. Mama amemsamehe, alitamka mbele yangu, nami namwamini. Lakini akitaka kwenda ibadani hupapasa ukutani kutafuta fimbo yake, na wifi, popote alipo mle nyumbani, akisikia ile sauti ya kupapasa huacha anachofanya, akasimama tu.