Dakika Hamsini na Mbili

Pale kwenye kiwanja cha ndege walimwita Mama Dakika, na jina hilo hakupewa bure. Abiria akiuliza safari ni ndefu kiasi gani, karani huyu hakutazama karatasi wala saa: kilomita mia mbili na tisini, dakika hamsini na mbili, upepo ukiwa mkaidi hamsini na nane. "Kufumba na kufumbua tu," aliwaambia waoga, huku akisoma kilo zao kwenye mizani kwa sauti, bila haya.

Yeye mwenyewe, miaka ishirini na saba ya kazi, hakuwahi kupanda ndege. Kila mwaka wafanyakazi walipewa tiketi ya bure, na kila mwaka alikuwa na sababu. Akiondoka, nani atapiga simu? Simu yenyewe ilikuwa ile nyeusi ya mezani, na aliyeipokea kwenye kiwanja cha upande wa pili alikuwa mdogo wake wa kiume, karani kama yeye, naye amefungwa na simu hiyo hiyo. Ndege ikipaa, dada anasema, "Imeruka." Ikifika, mdogo anapiga, "Imetua." Simu ilikuwa ya kazi na mkuu wa kiwanja alikuwa na masikio, kwa hiyo waliiba neno moja moja. Imeruka, na goti linanisumbua. Imetua, na binti yangu amefaulu. Ana kwa ana walikuwa hawajaonana tangu mazishi ya mama yao, miaka kumi na mmoja iliyopita. Kwa barabara ni siku mbili za kuzunguka milima, na goti lile halikutaka hata kusikia habari za basi.

Sasa kampuni ya ndege ikafuta safari hiyo. Mkuu alipotangaza kwamba ndege ya Ijumaa ndiyo ya mwisho, Mama Dakika aliendelea kufuta ubao kwa kitambaa hata pale palipokwisha kutakata. Na simu nayo ingekatwa. Asipokwenda Ijumaa, huyo ndugu pekee aliyebaki naye duniani angemwona lini tena?

Ijumaa alipima mizigo ya abiria saba, akaandika saa ya kuondoka kwa chaki, akamkataza mpakiaji wa mizigo asiguse simu. Kisha akavua viatu, akapanda mizani. Mpakiaji, aliyeingoja siku hiyo miaka nenda rudi, alizisoma kilo zake mpaka rubani akasikia.

Lo, zile dakika hamsini na mbili! Alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, macho kwenye saa, akiwaomba radhi kimoyomoyo waoga wote aliowadanganya. Ya hamsini na mbili ikapita, na bado wako hewani. Upepo mkaidi. Alilia kidogo, wala hakuona aibu.

Aliposhuka ngazi, mwanamume mwenye nywele nyeupe pe alikuwa anakuja mbio kumgombeza rubani. Habari za mvi hizo hakuwahi kumwambia kwenye simu.

Akasimama ghafla. "Dada? Nimekaa na simu mapajani asubuhi nzima. Mbona hukuniambia imeruka?"

Mama Dakika alikuwa ameandaa utani wake tangu angani, lakini aliuacha. Akamshika mashavu yote mawili.

"Imetua, mdogo wangu," akasema.