Bafle ya Pilipili

Mujukulu wangu wa kike anatengeneza bafle, zile spika za kutoa sauti. Sisemi kisanduku ya mbao tu, ile kila fundi wa hapa Kamina anaweza kupigilia misumari. Yeye anatengeneza hata kile kitu cha ndani kinachopiga kelele. Minyi niliishia darasa la tatu, lakini macho sikuyaacha shuleni, nimeona yote.

Sumaku anazitoa mu bafle zilizokufa, anazinunua kwa bibi za basoda, wake wa askari, kule base ya jeshi. Waya ya nyuzi nyembamba anaifungua mu ventilatere, feni iliyoungua, anaizungusha upya juu ya pili, betri ya tochi, polepole, ulimi inje. Koni, ile inatetemeka, iko karatasi ya mufuko ya simenti. Anailoweka mu buji ya unga ya mihogo, inakauka ngumu kama kola ya mwalimu. Pembeni anashona kitambaa laini. Kitambaa ilikuwa jupon yangu, sketi ya kuvaa ndani. Hakuomba.

Sasa kanisa yetu ilitaka bafle. Bazee balisema: "Tutajaribu ya huyu mutoto siku ya Mungu. Ikishindwa, tunaagiza Lubumbashi." Binti yangu, mama yake, akaongeza: "Ikishindwa, weye unarudia ku mashini ya kushona." Mutoto akaacha kula.

Siku ya posho, Jumamosi, akaanika koni ku jua. Mbuzi ya jirani ikaikula yote. Ikaacha jupon.

"Kambo," mujukulu akaniita, "mbuzi imekula bafle yangu!"

"Na buji ya mihogo si chakula? Ulizani itasoma kwanza maandishi ya simenti?"

Tukapika buji ingine. Alipoenda kutafuta mufuko, nikatia pilipili ya kusaga mu buji, konzi mbili, na koni mpya ilipoanikwa nikanyunyiza ingine juu yake. Sikumwambia. Mbuzi ikarudi, ikalamba mara moja, ikakimbia mpaka ku reli ikilia kama muntu aliyefiwa.

Siku ya Mungu, korali ikaanza kuimba. Eh! Bafle iliimba mpaka mabenchi yakatetemeka. Na koni nayo ikaanza kupepeta vumbi yake. Muzee wa kwanza akapiga chafya. Wa pili akalia machozi. Pasta akafuta macho. Bamama ba nyuma, kuona bazee banalia, bakainua mikono, nabo bakalia bure.

"Mama, hii sauti inagusa," mama aliyekaa pembeni yangu akasema.

"Inagusa pua," nikajibu.

Lakini mujukulu wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Aliona kazi yake imekufa. Muzee mukubwa, macho mekundu, akamuuliza: "Mutoto, uliweka nini humu?"

"Muzee, sijui..." Midomo ilikuwa inamutetemeka kuliko koni.

Nikasimama. "Ni pilipili. Minyi njo niliweka. Sababu ya mbuzi."

Muzee akapenga kamasi, akakunja kitambaa chake vizuri.

"Nyimbo tulisikia?"

"Tulisikia," bakajibu.

"Na mbuzi ilirudia?"

"Haikurudia," nikasema.

"Ile ya Lubumbashi iko na pilipili?"

Basi bazee bakachukua yetu, bakaagiza na ya pili.

Ku mashini ya kushona mujukulu alirudia kweli, kesho yake asubuhi: anashona pembeni ya koni mpya. Jupon moja iliyobakia nimeivaa, sivui.