Mtambo wangu wa kuchomoa hard disk nyumba ikiungua: ulifanya kazi

Wakuu, salaam. Niko Ole, Pemba. Haya yamenikuta mwenyewe na sitatia chumvi. Hata nikitaka, hayana pa kutiwa.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Kabla hajaondoka nilikuwa nikimrekodi kwa simu: hadithi, nyimbo za kuchumia karafuu, hata ugomvi wake na kuku. Nilitaka kuandika riwaya yenye pumzi yake ndani.

Simu ikijaa nahamishia kwenye PC, kisha nafuta.

Jiko letu lilikuwa banda la makuti, limeegemea ukuta wa chumba changu. Nilikuwa naogopa moto. Bando la kupandisha mafaili makubwa mtandaoni sina.

Ndipo nikabuni mtambo. PC ina hard disk mbili; ile ya pili, ya kuhifadhia mafaili, niliiweka kwenye reli kama droo, nyuma yake springi, na waya wa breki ya baiskeli wenye mpini mwekundu. Ukivuta mpini, kizuizi kinaachia, disk inaruka nje na kuangukia kwenye kikapu chenye nguo laini. Kufumba na kufumbua.

(Mniache na springi ya godoro. Ndiyo iliyokuwepo.)

Mama mdogo, Bi Mize, ndiye anayeshinda nyumbani akishona. Nikamfundisha kuvuta. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Nyumba za wenzio zina mlango wa watu. Yako ina mlango wa kompyuta!"

Nikamwambia sauti ya dada yake imo humo. Akaacha kucheka. Akavuta tena, na tena, mpaka mkono ukazoea.

Msimu wa karafuu nilikwenda Konde kununua majamvi ya kuanikia. Nikapigiwa simu. Nilipofika, paa lilikuwa limeshaanguka.

Bi Mize alikuwa uwanjani, masizi usoni, kikapu kifuani. Majirani wanasema alipata nafasi ya kuingia mara moja tu. Cherehani chake kilikuwa chumba cha kwanza. Alikipita.

"Usilie mwanangu. Mamako nshamtoa."

Siku ya tatu nikaichomeka ile disk kwenye kompyuta ya rafiki. Nzima kabisa. Filamu zimo. Rasimu za riwaya zimo.

Folda ya mama haimo.

Wakuu, nilikuwa naiweka kwenye desktop, ili niione kila nikiwasha. Na vitu vya desktop vinakaa kwenye disk ya kwanza, yenye Windows, iliyofungwa kwa skrubu nne ndani ya PC. Nilijua. Kila wiki nilisema nitaihamisha Ijumaa.

Ile iliyoungua nilimpelekea fundi. Aliigeuza mara mbili, akanirudishia.

Funzo langu: kabla hujajenga njia ya kuokoa kitu, fungua uhakikishe kitu chenyewe kiko wapi. Na nakala moja ilale nyumba ya mtu mwingine, hata kwenye flash.

Lakini si hilo lililonileta hapa.

Bi Mize aliniomba ile disk. Ameifunga kwa kanga, ameiweka sandukuni mwake juu ya sanda aliyojiwekea. Sasa anashona kwa mkono. Kila Ijumaa ananiuliza, "Utaniwekea lini nimsikie dada?"

Namjibu kompyuta sijapata.

Nimeshapata, wakuu. Mwezi wa pili huu.

Aliyewahi kubeba neno zito namna hii anisaidie hapo chini: nimwambieje?