Daraja Ambalo Hatukutaka Kulizungumzia

Walisema nisingeweza. Shemeji yangu alitamka mbele ya watu, kwenye kikao cha harusi, kwamba mtu mwenye stashahada ya umeme na mikono laini kama yangu ataishia kusugua vyoo vya hoteli huko Texas, na akirudi atarudi na begi lile lile. Bosi wangu wa zamani alisema lori la magurudumu kumi na nane halisomewi darasani. Basi nilipasi mtihani wa leseni ya magari makubwa mara ya kwanza, wakati Wamarekani wawili wa kundi langu wanarudia. Leo nyumba yangu ya Morogoro ina ghorofa, na shemeji huja kuchota maji kwenye kisima changu. Nayasema mapema ili ieleweke kwamba nikizungumzia barabara, nazungumzia kitu ninachokijua. Lakini kati ya yote niliyoyapambania kule, hakuna kilichonichosha kama kuwafanya watu wazima, madereva wenzangu, waongee juu ya daraja moja.

Madereva wa Kiswahili tuliokuwa tukienda na kurudi kati ya Dallas na Houston tulikuwa na laini. Ni simu ya pamoja: unapiga namba, unawakuta wenzako hewani, kila mmoja kwenye usukani wake na hedseti sikioni. Ilitufukuzia usingizi. Humo tuligombana juu ya siasa za nyumbani, tukasikiliza mahubiri, tukatukanana kwa upendo, Mtanzania, Mkenya, Mrundi na Mkongo, kila mmoja na Kiswahili chake. Humo pia tulipeana habari za njia. Aliye mbele akisema pitieni, walio nyuma wanapita. Hakuna aliyewahi kukaa akaamua iwe hivyo. Ilikuwa tu ndiyo adabu yetu, na aliyeuliza mara mbili alionekana anamdharau aliyejibu.

Mwenye sauti kubwa kwenye laini alikuwa Mkenya wa makamo tuliyemwita Mwenyekiti. Alikuwa na nyumba nzuri Missouri City na miaka mingi ya barabara bila mkwaruzo. Mimi niliishi Irving, karibu na uwanja wa ndege, na jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa Mkongo wa Uvira aliyefika Marekani kupitia kambi ya wakimbizi. Alikuwa amebeba maboksi ghalani kabla ya kupata leseni, na kurudisha tela kinyumenyume nilimfundisha mimi mwenyewe. Mtu mpole, baba wa mabinti wanne waliokuwa wakimjibu kwa Kiingereza hata akiwauliza kwa Kiswahili.

Asubuhi ile ya baridi, mwanzoni mwa 2018, sote watatu tulikuwa tunashuka kuelekea Houston. Mwenyekiti alikuwa ametutangulia sana, amebeba vigae vya sakafu. Mkongo alikuwa mbele yangu kidogo, tela lake tupu, anakwenda kuchukua mzigo. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Kisha nikaona magari ya mbele yameacha kurusha maji kwa matairi, na lami bado inang'aa kama imelowa. Dereva anayetumia akili anajua maana yake: yale si maji tena, ni barafu.

"Jamani, mimi naingia kituo cha mafuta," nikasema. "Matairi yameacha kurusha maji. Madaraja yatakuwa yameganda."

Mwenyekiti akacheka. "Profesa wa diploma ameogopa manyunyu! Wacha hizo bana. Mimi nimevuka madaraja yote, iko sawa."

"Kaka mkubwa," Mkongo akauliza, "miye niko karibu na daraja. Nipite?"

"Pita tu, ndugu yangu."

"Simama!" nikamwambia. "Kaa pembeni kabla hujafika."

"Profesa, usimtie mtu baridi," Mwenyekiti akasema, na laini nzima ikacheka. Kilichofuata ni mlio wa chuma, halafu Mkongo akimwita Mama Maria.

Tela tupu lilikuwa limeteleza upande likakisukuma kichwa cha lori hadi kwenye ukingo wa daraja. Alipona. Mguu ulivunjika, na kampuni ikamwambia asirudi.

Sasa ndipo hasira yangu inapoanza. Jumapili iliyofuata tulikusanyika kwa Mwenyekiti. Pilau lilikuwepo, sala zilikuwepo, na mchango ulipita, siwezi kuwasema vibaya kwa hilo. Mmoja akasimama akasema ni mpango wa Mungu. Wa pili akasema ni vita vya kiroho. Watu wakaitikia amina. Lakini kwenye simu za wawili wawili, wiki nzima, nilikuwa nimesikia mengine: Wakongo wanapenda kasi, alikuwa anachezea simu, leseni yake haijulikani aliipataje. Mbele ya watu kosa lilikuwa la Mungu, kando lilikuwa la Mkongo. Katikati ya hapo, kwenye lile neno "pita" lililosemwa na mtu mwenye jina, hapakuwa na wa kugusa.

Nikagusa mimi. "Naomba tujiulize," nikasema. "Tulisema nini kwenye laini kabla hajaingia darajani?"

Vijiko vikasimama.

"Unataka kufungua korti kwangu?" Mwenyekiti akauliza.

"Sitaki korti. Nataka tujifunze. Kesho ni mwingine."

"Wewe si ulisimama? Si uko mzima? Sasa unataka tukupigie makofi?"

Watu wakacheka. Mke wake akaja na sahani. "Shemeji, kula kwanza, chakula kitapoa." Nikala, nimekasirika hata ladha ya pilau sikuisikia. Kuanzia siku ile, nikiingia kwenye laini sauti zilikuwa zinapungua. Nilijaribu tena na tena. Mrundi mmoja mstaarabu aliniambia kwa upole kwamba nina haki lakini nina kelele. Nikamjibu kwamba mwenye haki ana haki ya kupiga kelele.

Mkongo mwenyewe siku hizo alikuwa kwake Irving, amekaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, hataki televisheni. Kampuni nyingine ilikuwa tayari kumjaribu atakapopona. Alikuwa akiitazama simu yao ikilia bila kupokea.

"Kaka, banasema ni Mungu," aliniambia. "Kama ni Mungu, miye nitaendesha namna gani tena? Siku yoyote anaweza kupenda tena. Na bengine banasema ni ujinga wangu. Kama ni ujinga, basi niache hii kazi. Miye nataka tu nijue kosa yangu iko wapi."

Nikamweleza. Tani za vigae zinakandamiza matairi barabarani. Tela tupu halina cha kulishikilia, upepo na barafu vinalifanya vinavyotaka. Isitoshe, Mwenyekiti alipita mapema, kabla barafu haijashika. Alichosema kilikuwa kweli kwa lori lake na kwa dakika yake. Mkongo akasikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Weye ni rafiki yangu. Utasema hivyo juu ya vile unanipenda. Nataka nisikie kwake."

Mguu ulipokubali kukanyaga, nikampakia kwenye gari langu dogo tukashuka hadi Missouri City bila kutoa taarifa. Tulimkuta Mwenyekiti na wageni kadhaa wa laini wakiangalia mpira. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mkongo akanishika mkono, akaenda na mkongojo wake mpaka mbele ya kiti cha mwenye nyumba.

"Kaka mkubwa, sikuje kugombana. Nauliza kitu moja. Siku ile darajani, ulikuwa na mzigo?"

Mwenyekiti akanitazama mimi kwanza, kwa macho mabaya. Kisha akamtazama yeye, na mguu wake. Akapunguza sauti ya televisheni.

"Nilikuwa nimejaza," akasema. "Vigae. Sikukuuliza wewe umebeba nini."

"Ungeniuliza, ungesema nipite?"

"Hapana," akasema.

Nilisubiri aendelee. Nilisubiri aseme samahani, niliwasubiri wale wengine waseme kwamba tangu leo kila atakayetoa neno ataje alichobeba. Badala yake mmoja akasema, "Tuombe," wote wakainamisha vichwa, na baada ya amina sauti ya mpira ikapandishwa. Nilitoka bila kuaga. Garini niliwatukana kilomita nyingi: waoga, watu wazima ovyo, watakufa wote na bado watasema ni shetani.

Mkongo hakuchangia. Alikuwa ametoa simu anatafuta namba ya ile kampuni iliyotaka kumjaribu.

"Kaka, punguza sauti kidogo," akasema. "Nawaita, nataka kujua mtihani ni siku gani."