Hakimu wa L

Wenzangu mliosoma wakati daftari moja lilikuwa la Hesabu kwa mbele na la Kiswahili kwa nyuma, nyinyi ndio mtanielewa. Tuliamka na umande, miguu mitupu, kiazi kitamu cha moto mfukoni kikituchoma paja na kututia joto kwa pamoja. Kwetu Matulo tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mpira wa makaratasi ukafumuka. Upepo ukigeuka kutoka Webuye ulituletea harufu ya kiwanda cha karatasi. Wageni waliziba pua. Sisi tulisema, mvua hiyo bana, na mara nyingi ilikuja.

Na tulikuwa tunaongea vizuri tu. Habari tuliita habali, kulala tukasema kurara, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Shida ilianza Papa, yaani baba, alipopata kazi kwenye maghala ya mahindi Kitale, tukahamia huko nikiwa darasa la nne. Kitale kulikuwa na baridi ya kugonganisha meno na watoto wenye viatu. Siku ya kwanza nikaambiwa nisimame nijitambulishe. Nikajikaza, nikasema kwa sauti, "Natoka mahari panaitwa Maturo."

Wueh! Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mahali ni mahali, lakini mahari ni ng'ombe wanaotolewa msichana akiolewa. Kabla ya saa ya uji nilikuwa nishapewa jina. "We Mahari, ng'ombe zimefika?" "Mahari, si utuletee hata mbuzi?" Leo nacheka, lakini wakati ule nilitamani ardhi inimeze. Nikafunga mdomo kabisa. Nikiulizwa swali, natikisa kichwa. Mwishowe nikamwambia Mayi, ndivyo tulivyomwita mama, kwamba shule basi, nataka kurudi Matulo kwa kukhu, nyanya yangu, nikamsaidie kupalilia. Mayi alilia. Papa hakuwa mtu wa kubembeleza. "Kama hataki shule, Jumamosi aende," alisema. "Jembe iko."

Ijumaa nilikwenda darasani kwa sababu Mayi alinisukuma mlangoni. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Wanjiru, mama mwenye sweta ya kijani na kicheko cha kusikika mpaka jikoni. Wazazi wake walitoka Ukikuyuni kuja kulima mahindi Trans-Nzoia, na yeye pia L ilikuwa inamsumbua. Kwa kawaida alijichunga sana. Siku hiyo akaweka andazi lake mezani, akatangaza, "Leo nimechoka kujichunga. Nitaongea vile tunaongeanga nyumbani. Nikikosea L, kuna mtu mmoja tu wa kunishika." Akaninyooshea chaki. "Hakimu ni huyu. Akinisahihisha, andazi ni lake."

Darasa zima likageuka kuniangalia, safari hii kwa wivu. Mwalimu akavuta pumzi, akasema, "Haya watoto, ni saa ya kwenda kura."

Alitaka kusema kula, akatoa kura, zile za uchaguzi. Nililisikia kosa waziwazi. Andazi lilikuwa linanukia iliki. Nikasimama.

"Mwalimu, si kula," nikasema, "ni kura!"

Nilikuwa nimeyageuza yote mawili. Mwalimu ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Aliegemea ubao mpaka sweta ikajaa chaki. "Ai! Sasa sisi wawili tutaokolewa na nani?" Darasa likacheka, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu, mara ya kwanza tangu tuhame. Akalikata andazi katikati, akanipa nusu. "Rudia, hakimu. Polepole." Nikarudia mpaka ikatoka: kula. Naye akarudia nyuma yangu, kama mimi ndiye mwalimu wake.

Jumamosi sikwenda Matulo. Papa aliuliza mara moja tu, nikamwambia nina kazi shuleni. Na ilikuwa kweli, kwa maana muhula wote ule Ijumaa ikawa siku ya hakimu, na wale wa ng'ombe zimefika wakawa wananibembeleza niwamegee andazi. Leo hii nashika maikrofoni kwenye harusi za watu, Kitale mpaka Lwakhakha. Ulimi ukiteleza mbele ya wakwe na wachungaji, nacheka mimi kwanza, wageni wananifuata, shughuli inaendelea. Hiyo ni kazi ya Mwalimu Wanjiru. Nampenda mpaka kesho, na nasema bila aibu.

Juzi nilimsikia binti yangu akirekodi ujumbe wa sauti kwa wenzake. Hawa watoto wa siku hizi, ugali unawashinda kusonga lakini kidole kinaruka kwenye simu kama panzi! Anarekodi, anasikiliza, anafuta. Anarekodi tena, anafuta. Nikamuuliza, "Si utume tu, mama?"

"Mami, nimesema vibaya hapo. Wataiweka kwa grupu, na haitatoka."

Mwishowe akaandika tu maneno mawili, akaweka na kikatuni cha kucheka, na yeye mwenyewe hakuwa anacheka. Enzi zetu kosa lilichekwa, kengele ikalia, tukatoka kuruka kamba, na kesho yake ilikuwa zamu ya mwingine. Binti yangu ana simu nzuri, ana viatu, na Kiswahili chake kinanishinda kwa usafi. Nilimwangalia pale kwenye kochi, nikamwonea huruma. Hana mtu wa kukosea naye.