Walinitaja kwa Heshima

Sifa zikianza kunijia bila sababu, namtafuta aliyezituma. Mume wangu husema huo ni ugonjwa. Mimi nasema ni biokemia: kitu kikipanda ghafla kwenye damu, kuna mahali kinatoka.

Safari hiyo kilichopanda kilikuwa jina langu. Makala yangu kuhusu kichocho ilikuwa imelala miaka mingi. Nilikuwa nimeonyesha kwamba kuna protini inayoongezeka kwenye damu ini linapoanza kuumia, kabla mgonjwa hajavimba tumbo. Watafiti wachache waliirejelea, yaani walilitaja jina langu kwenye kazi zao, na wengi wa hao nilisoma nao. Halafu wakaanza kunirejelea watu nisiowajua, kutoka nchi ambazo hazina hata konokono wanaobeba kichocho. Wenzangu pale maabara yetu Mwanza wakaanza kuniita profesa kabla sijawa. Mmoja akaninunulia soda na sambusa za sokoni Mirongo. Sambusa nilikula, lakini yeye nilimwangalia sana.

Nikafuatilia. Wote hao walikuwa wamenijua kupitia makala moja kubwa, ya chuo cha ng'ambo tulichowahi kushirikiana nacho. Humo walinimwagia sifa. Nikaziruka, nikaenda pale walipoeleza damu waliyopima imetoka wapi. Wanawake wa ufukweni, kusini mwa Ziwa Viktoria, waanika dagaa, kijiji kisicho na kisima. Wanawake hao ninawajua. Wako upande wa Sengerema, na damu yao niliichukua kwa mkono wangu.

Haikuwa rahisi kuipata. Kule walituita wanyonya damu, na sikuwalaumu. Hata mimi ningemshuku mtu anayevuka ziwa na sindano. Aliyenisaidia ni mwenyekiti wa kikundi chao, mama mmoja mwenye sauti kubwa. Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, lakini kabla ya hapo alitaka niseme mbele ya wote kwamba damu itabaki Mwanza, na ikitakiwa kwingine nitarudi kuwauliza. Nikasema. Ahadi ile ilikuwa yangu, na wenzake walinyoosha mikono kwa sababu yake.

Nikaenda kwenye friza. Boksi lililokaa miaka bila kuguswa hung'ang'ania barafu mpaka ulivute kwa nguvu. Langu lilitoka kama sahani kabatini. Vichupa vyote vilikuwepo, na mwandiko wangu juu yake. Nilikuwa nimevijaza mpaka kwenye alama, na sasa kila kimoja kilikuwa nusu. Mtu alikuwa amedokoa kimoja baada ya kingine, kama mtoto anavyodokoa nyama sufuriani akidhani mama hataona.

Mkuu wetu wa maabara ni mzee aliyenifundisha hata kushika vichupa hivyo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza damu imekwenda wapi.

"Ilikwenda kwa makubaliano ya maabara," alisema bila kuinua macho. "Wewe ulikuwa masomoni."

"Na wale kina mama waliulizwa?"

"Daktari, si umetajwa humo ndani? Tena kwa heshima. Wengine hapa wanastaafu hawajatajwa hata mara moja."

Hapo nikaelewa sifa zile zilikuwa za nini. Walinipa pipi ninyamaze. Hasira zilinipanda, na yeye bado hajamaliza. Kulikuwa na mradi mpya, akasema, damu nyingine, kijiji kilekile. Nitauongoza mimi, na uprofesa hautachelewa. "Kina mama wale wanakuamini wewe," aliongeza, na hilo liliniudhi kuliko yote.

Nilivuka ziwa na kivuko cha Kamanga, boksi la barafu likiwa tupu miguuni. Nilimshuku kila mtu, na mimi mwenyewe zaidi, kwa sababu sikuwa na hakika kwamba nikifika nitasema ukweli. Kina mama walikuwa wameshakaa, wengine wamekunja mikono ya magauni tayari. Mwenyekiti wao alikuwa mbele. Nikasema yote: kwamba nusu ya damu yao imesafirishwa ng'ambo, kwamba nimejua juzi tu, na kwamba nimetumwa kuomba nyingine.

Mmoja akacheka kwa dharau. Nami nikangoja kufukuzwa. Mwenyekiti akanitazama.

"Na wewe walikuuliza?"

"Hapana, mama."

"Walikwambia baadaye?"

"Hapana. Nilisoma tu."

"Haa." Akashusha mkono wa gauni lake. "Kumbe na wewe walikuchota tu, mwanangu, kama sisi."

Nilitaka kubisha, nimwambie kwamba mimi angalau jina langu waliliandika. Nikawatazama wale kina mama mmoja mmoja. Wao hakuna aliyeandikwa.